Siku Niliyozima Mashine ya Hewa

Mwaka ulikuwa 2023, masika yalikuwa ndiyo kwanza yanalainisha udongo wa Budondo, nami nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Jumatatu tarehe 13 Machi mume wangu alipeleka vifaranga vya samaki kwa mteja wetu mmoja huko Mbale. Saa tano asubuhi alinipigia kuniambia kwamba wote wamefika wakiwa hai. Saa saba nikapigiwa na mtu mwingine kwa simu ile ile. Mume wangu alikuwa ameanguka kando ya bwawa la mteja, na hospitali alikofikishwa hawakuwa na la kufanya zaidi ya kumfunika.

Naandika saa na tarehe kwa sababu ndivyo nilivyojifunza kuishi. Niliachishwa shule mwaka 1982, nikiwa darasa la nne, ili nilee wadogo zangu kwenye vilima vya Mbale. Nilirudi darasani Februari 2009, nikiwa na miaka thelathini na minane, nikaketi dawati moja na wasichana wa rika la binti yangu wa kwanza. Waliniita Bibi. Sikuwajibu, niliwapita kwa alama. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 2013, na cheti cha ufugaji wa samaki nikakipokea mwaka 2016, mume wangu akiwa ameketi mstari wa mbele na koti lililombana mabega.

Yeye alikuwa Msoga, dereva wa lori wa njia ya Mombasa kwa miaka mingi kabla barabara haijamchosha. Mimi ni Mgisu. Lugha iliyotukutanisha ilikuwa Kiswahili, basi ikabaki lugha ya nyumba yetu. Shangazi yake mkubwa, ambaye hakuisahau miaka ya utawala wa jeshi, Kiswahili kilipokuwa lugha ya askari, alikuwa akitusikia tukizungumza asubuhi anasema kwa Kisoga, "Wanajeshi wameamka." Nilicheka naye zaidi ya miaka ishirini bila kujua kama ulikuwa mzaha.

Kituo chetu kilikuwa kwenye mteremko unaoshukia mtoni. Chini palikuwa na mabwawa manne ya udongo. Juu, hatua chache tu kushuka kutoka nyumbani, chini ya paa la mabati, palikuwa na matangi ya kutotolesha vifaranga, na humo ndimo walimokaa samaki wazazi. Kambare tulikuwa nao wachache. Fahari yetu ilikuwa ngege, ambao majirani zetu wa Tanzania huwaita sato. Tangu mwaka 2016, kila baada ya miezi sita, nilipima kila jike na kila dume, nikawaacha wale tu waliokua upesi na kutaga vizuri, nikawatia alama kwa kukata ncha ya pezi. Wenye vizimba vya kufugia samaki ziwani, huko Masese, walikuja kuchukua vifaranga vyetu na kupita vya wengine njiani. Miaka saba ya kuchagua ilikuwa ndani ya matangi mawili.

Matangi yale yalikuwa na samaki wengi kuliko maji yanavyoweza kuwastahimili, na ndiyo maana tulikuwa na mashine ya hewa. Ilikaa kwenye kibanda chake, ikipuliza hewa kupitia mipira hadi kwenye vijiwe vyenye vitundu vilivyolala chini ya maji. Ilinguruma usiku na mchana. Umeme ukikatika, jenereta iliwashwa kabla mtu hajavaa viatu, maana ngege waliobanana hivyo hawamalizi saa chache bila hewa. Kambare ni tofauti: akikosa hewa majini hupanda juu na kuivuta kwa mdomo. Ngege hana ujanja huo.

Mtu aliyeijua mashine ile kuliko wote alikuwa fundi wetu, Mkenya wa makamo aliyefahamiana na mume wangu barabarani. Hakuwa na cheti chochote. Aliweza kuusikiliza mngurumo kutoka jikoni akiwa na kikombe cha chai, akasema, "Mama, mpira wa tangi la tatu umeziba," na ukienda unakuta umeziba. Mimi nilikuwa na kitabu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri niliandika joto la maji na kiasi cha hewa iliyomo. Afisa wa samaki wa wilaya aliwahi kuwaonyesha wafugaji wengine kitabu changu, nami siku ile nilirudi nyumbani nikitembea polepole ili nionekane.

Maiti ililetwa Jumanne tarehe 14, saa kumi jioni. Kabla gari halijafika, wanawake wa ukoo walikuwa wamekwisha kutandika mikeka sebuleni na kuondoa picha ukutani. Kwa watu wa mume wangu, mwenye nyumba akilala bila kuzikwa, kazi yake haifanywi. Jembe halilimi, kisu cha biashara hakikati, duka hufungwa. Shangazi alisimama mlangoni akatega sikio upande wa kibanda.

"Mkamwana," aliniambia, "mwenyewe anakuja amefungwa sanda ya gome la mti, na mashine yake inafanya kazi kama kwamba yuko? Nani anaifanyia kazi hiyo?"

"Ni kwa ajili ya samaki, shangazi."

"Samaki," akasema, akawageukia wenzake. "Kwao milimani labda samaki ndio huliliwa kwanza."

Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kisichofungua mdomo. Ningeweza kueleza. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na maneno, na Kisoga nilikisema vizuri. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimeambiwa kwamba mimi ni mwanamke wa vitabu nisiyejua kupiga magoti, na siku ile, mbele ya watu wale, nilitaka kuwa mjane anayejua kuomboleza kuliko wote. Nikatoka, nikaingia kibandani, nikaizima mashine kwa mkono wangu huu wa kulia. Nilijiambia ni kwa nusu saa, gari liingie, mwili ushushwe, kisha nitaiwasha.

Mwili ulishushwa, nami nikaketishwa kichwani pake. Sikukumbuka kwamba mjane akishaketi hainuki hadi mazishi. Niseme kweli: nilikumbuka, ila nilikumbuka nikiwa nimekwisha kuketi.

Jua lilikuwa linatua fundi alipokuja dirishani. Alizungumza Kiswahili, na pale sebuleni hapakuwa na mwanamke mwingine aliyejali kukielewa.

"Pole, mama. Mashine imezimwa. Niwashe?"

Shangazi alikuwa ananitazama.

"Acha," nikasema. "Isilie."

Alibaki kidogo akiwa ameshika nondo za dirisha. "Sawa, mama," akasema, akaondoka.

Tulimzika Jumatano tarehe 15, saa nane mchana. Saa kumi na moja niliruhusiwa kutoka, nikashuka moja kwa moja hadi kwenye matangi, bado nimefunga kanga kiunoni kama waombolezaji. Ngege walikuwa wanaelea ubavu, midomo imeachama. Jike la ngege hulea mayai yake mdomoni na haachi kuyabeba hata kwa njaa. Wale walikuwa wameyatema. Mayai yalikuwa yametandaa sakafuni mwa tangi, ya njano, kama mtama uliomwagika. Katika tangi la pembeni kambare walikuwa wakipanda juu mmoja mmoja, wakivuta hewa na kushuka.

Shangazi alikuja na mkongojo wake akasimama nyuma yangu. "Wamemfuata bwana wao," akasema. Hakusema kwa kejeli. Aliamini hivyo, na jioni ile ile msiba mzima ukaamini, watu wakashuka makundi kwa makundi kutazama samaki waliokufa kwa mapenzi. Nikawaacha waamini. Fundi alikuwa anawatoa kwa wavu na kuwapanga kwenye majani ya migomba. Mimi nilikwenda kwenye kitabu changu, na katika mstari wa tarehe 14 Machi nikaandika, kwa mwandiko mzuri: Umeme ulikatika.

Ulikuwa uongo wa kwanza katika kitabu kile.

Mabinti zetu wawili wameolewa mbali, na mtoto wa kiume hatukupata. Kibali cha kituo kilikuwa kwa jina la marehemu, na afisa wa samaki alitaka ukoo umtaje mtu mmoja ambaye jina lake litaandikwa mahali pake. Nilitaka liwe langu. Sikuwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu ile tangu nilipotaka kurudi shule. Aliyekuwa akilitaka pia ni mdogo wa mume wangu, ambaye alikuwa na duka la vipuri Nalufenya na hakujua dume na jike la samaki. Si mtu mbaya. Alipenda kila kitu kiwe na sababu.

Ukoo ulikaa Jumamosi tarehe 22 Aprili, uani kwetu, chini ya maturubai. Shemeji aliomba kitabu changu, akakifungua, akasoma kwa sauti.

"Umeme ulikatika," akasema. "Shemeji yangu, umeme upi? Spika za nyimbo zililia hapa tangu jioni hadi asubuhi. Mimi mwenyewe nilichaji simu ukutani."

Watu waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimeketi mkekani, mikono mapajani. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Mimi nilikuwa kichwani pa marehemu. Niliambiwa hivyo."

"Uliambiwa na nani?"

Jibu halikuhitajika. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na kazi ya mashine. Fundi alikuwa amesimama karibu na jiko, kofia mkononi.

"Bwana, ni wewe uliyeizima?" shemeji akamuuliza.

Alinitazama mara moja, kisha akatazama ardhi. "Mzee wangu alikuwa amelala ndani," akasema. "Makosa ni yangu."

"Mkenya bwana," akasema mtu nyuma, "anazima mashine kama anazima taa ya choo." Wakacheka. Fundi naye alitabasamu, tabasamu la mtu anayewasaidia wengine kumaliza jambo. Wakaamua aondoke siku ile ile. Alipokuja kuniaga nilikuwa jikoni. Nilisema, "Nenda salama, fundi." Alisema vijiwe vya tangi la tano vinahitaji kuchemshwa. Shangazi hakuulizwa kitu siku hiyo. Nani angemuuliza bikizee habari za mashine? Hakuficha chochote. Miongoni mwa waliojua, niliyeficha ni mimi.

Uamuzi wa jina uliahirishwa. Nilifikiri nikirejesha kizazi cha wale ngege hakuna atakayeuliza tena. Jumanne tarehe 18 Julai nikapanda gari kwenda Mbale kwa yule mteja, Mwislamu mmoja mcheshi mwenye mabwawa bondeni, mtu ambaye mume wangu alifia mikononi mwake. Vifaranga vya safari ile ya mwisho vilikuwa kwake.

"Karibu, mama wa samaki," akasema, kisha akakumbuka, akaondoa mzaha usoni. Alikuwa amevua kofia.

Tulivuta wavu mara tatu. Bwawa lake lilikuwa limefurika mvua za Mei na kuchanganyika na la jirani, na samaki walikuwa wamezaliana ovyo, wadogo, wa kila namna. Nilishika jike mmoja, nikatafuta kitu ninachokijua katika mwili wake, nikamrudisha.

Tulikunywa chai kibarazani. "Fundi wako hajambo?" akauliza. "Yule bwana, nilimhurumia. Usiku wa msiba, nilipolala kwenu, nilikwenda kule chini kutafuta pa kutawadha. Nikamkuta anachota maji kwa beseni na kuyamwaga mle mle tangini. Anachota, anamwaga. Nikamwambia, bwana, unafua nini humo? Akasema, nawapa hewa kwa mkono, mama amesema mashine isilie. Nilipotoka kuswali alfajiri nilimkuta bado anachota. Mikono imevimba hivi."

Niliweka kikombe chini. Aliona uso wangu, akaelewa kwamba kuna jambo amelifunua bila kukusudia.

"Mimi si mtu wa ukoo wenu, mama," akasema taratibu. "Sina wa kumwambia."

Matangi yale mawili hayawezi kuokolewa kwa beseni, nalijua hilo kwa hesabu. Fundi pia alijua. Alifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimemkataza kuwasha mashine, na sikuwa nimemkataza kuchota maji.

Ningependa kuandika kwamba kutoka Mbale nilikwenda moja kwa moja kusema kweli. Sikwenda. Agosti ilipita, Septemba ikapita. Oktoba mkuu wa ukoo aliniita akaniambia kwamba wazee wengi wananitaka mimi, kwamba kitabu changu kinasema vizuri kuliko mdogo wa marehemu. "Kinachobaki ni lile la samaki," akasema. "Tupatie karatasi ya yule Mkenya, aandike alivyofanya, tumalize." Nikaiandika karatasi hiyo mwenyewe, mezani kwangu, na Alhamisi tarehe 26 Oktoba nikaipeleka Masese, nilikosikia fundi amepata kibarua.

Nilimkuta gatini, amebeba gunia la chakula cha samaki begani, analipeleka kwenye boti ya vizimba. Nilimuuliza kwa nini hayuko kwenye mitambo. Aliweka gunia chini, akajifuta.

"Habari hutangulia, mama. Wanasema nikikaa na mashine nitaizima." Alicheka. "Hapa nabeba tu. Gunia halina swichi."

Nikampa karatasi. Aliisoma polepole akifuata maneno kwa kidole, akaomba kalamu. Kabla ya kutia sahihi alisita. "Hapa mama ungeongeza kwamba sikukusudia. Siku moja wanaweza kuniachia tena mashine." Nikaongeza mstari huo kwa mkono. Akatia sahihi juu ya gunia. Sikumwambia kwamba najua habari za beseni. Nilimpa mkono, nikahisi kwamba kiganja kimekuwa kigumu mahali pengine, pale gunia linaposhikwa.

Kikao cha mwisho kilikuwa Alhamisi tarehe 16 Novemba, katika ofisi ya kata ndogo ya Budondo, saa nne asubuhi. Walikuwepo mkuu wa ukoo, shemeji, afisa wa samaki, karani, na fundi, aliyeitwa kuthibitisha sahihi yake. Mkuu wa ukoo alisoma karatasi. Akasema kwamba kwa maoni ya wazee jina litakuwa la mjane. Shemeji aliinamisha kichwa, hakubisha. Karani alikuwa amekwisha kuandika jina langu kwa penseli.

Afisa wa samaki alivuta karatasi ya fundi upande wake. "Hii nitaiweka katika faili la wilaya," akasema. "Mtu aliyeua samaki wazazi wa namna ile hawezi kuruhusiwa kwenye kituo chochote. Nitaviandikia vituo vyote." Alisema bila hasira, kama mtu anayefanya kazi yake vizuri.

Fundi alisema, "Sawa, afande."

Alisema kama alivyosema dirishani. Nilisimama.

"Mashine niliizima mimi," nikasema. "Tarehe 14 Machi, saa kumi jioni. Yeye alikuja kuomba ruhusa ya kuiwasha, nikamkataza. Na neno lililomo kitabuni kuhusu umeme ni uongo, niliuandika mimi."

Nje mtu alikuwa anapiga pikipiki kiki, inakataa kuwaka.

"Mkamwana," akasema mkuu wa ukoo, "unajua tulikuwa tunakuandika wewe?"

"Najua, baba."

"Kwa nini uliizima?"

Nilitaka kumtaja shangazi. Alikuwa amefariki Septemba, na hata kama angekuwa hai, mkono haukuwa wake. "Nilitaka nionekane naomboleza," nikasema.

Fundi alinong'ona, lakini chumba kilikuwa kidogo na wote walisikia. "Mama, umeharibu. Mimi nilikuwa nimeshazoea."

Waliniomba nikae nje. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa wa zahanati ya jirani kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Waliponiita, shemeji hakuweza kunitazama. Jina langu la penseli lilikuwa limefutwa, lake limeandikwa kwa wino. Mimi nitabaki na nyumba na shamba la migomba hadi mwisho wa maisha yangu, lakini kituo, matangi na mabwawa yatakuwa chini ya shemeji, na sitakuwa na amri juu ya hayo. Karatasi ya fundi ilichanwa mbele yetu, na afisa akaandika nyingine yenye maneno yangu. Shemeji alimuuliza fundi kama angerudi kazini. Fundi alifikiri, akasema atamaliza mwezi Masese kwanza, kisha ataona. Hakurudi.

Mkuu wa ukoo alitia sahihi, kisha shemeji. Nilipopewa karatasi niliisoma yote tangu juu, wao wakisubiri. Karani alikuwa ameandika tarehe 15. Niliomba kalamu, nikaikata tarehe hiyo, nikaandika 16 juu yake, nikatia sahihi.